Kitabu Juu ya Sahani

Bi Fatouma alikuwa ameketi juu ya kigoda mbele ya bomba la uani, tasbihi mkononi, akihesabu matone. Hakuwa akimsabihi Mungu. Hilo alikuwa amelimaliza tangu alfajiri, kwa wakati wake. Sasa alikuwa akilichunguza bomba. Alilifungua kidogo, kiasi cha unene wa ukucha, akasikiliza: ta, ta, ta, kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi. Akalifungua kidogo tena: ta-ta, ta-ta, kama wageni wawili wanaopokezana mlango. Akaongeza kidogo zaidi, na hapo matone yakatupa adabu zote, yakaanguka yapendavyo, na shanga zikamkwama vidoleni zisijue zifuate lipi.

"Wamesema kweli," alinong'ona.

"Nani?" aliuliza mumewe, Mzee Huseni, kutoka barazani alikokuwa ameinamia saa ya mtu, lenzi yake imembana jichoni.

"Kitabu."

"Kitabu kimekwambia uyamwage maji yaliyorudi leo baada ya siku tatu?"

"Kimesema bomba ukilifungua polepole, linafika mahali linasahau hesabu. Na hakuna mutu duniani anaweza kukwambia tone litaanguka saa ngapi. Hata profeseri."

Mzee Huseni alikuwa fundi wa saa pale mtaani Jabe kwa miaka arobaini, na kwake neno "kusahau hesabu" lilikuwa tusi. "Saa haisahau hesabu, Mama Assia," alisema. "Ikisahau, ina vumbi."

Kitabu chenyewe kilikuwa chembamba, jalada la buluu, kipepeo katikati. Kilikuwa kimetafsiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya watu wasiojua hesabu kubwa, na kilieleza nadharia ya machafuko: jinsi kitu kidogo kisichoonekana mwanzoni kinavyoweza kugeuka jambo kubwa mwishoni, na jinsi vitu vinavyoonekana kama vurugu vinavyokuwa na mpangilio wake vikitazamwa kwa subira. Mjukuu wake Lamya, aliyefundisha hesabu katika lisee moja ya sekondari huko Ngagara, alikuwa amemletea siku Bi Fatouma alipomuuliza, "Hivi huko unafundisha nini mpaka unarudi umechoka hivi?" Lamya alidhani bibi yake atamtazama kipepeo wa jaladani, atasema "mashallah," na kukifunika kikombe cha chai kwa kitabu.

Hakumjua vizuri. Bi Fatouma aliacha shule mwaka wa tatu wa msingi, asubuhi ile mama yake alipojifungua mapacha. Mapacha walipiga kelele, binti mkubwa akaitwa nyumbani abebe mmoja, na hivyo ndivyo alivyokuwa hajajua kugawanya mpaka leo. Lakini kusoma aliweza. Alisoma kidole kikiwa chini ya mstari, ukurasa mmoja kwa siku, na ukurasa ukiwa mkaidi aliupa siku mbili. Mwanamke aliyelea watoto saba na mume mmoja fundi wa saa hatishwi na ukurasa.

Alipofika ukurasa wa hamsini, jambo geni lilimpata: alianza kukipendekeza kitabu kwa watu. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kumpendekezea mtu kitu, isipokuwa tangawizi kwa mwenye kikohozi. Sasa alitembea nacho kapuni, kati ya vitunguu na dagaa, na yeyote aliyesimama kumwamkia aliondoka na habari za kipepeo.

"Mama, hicho kitabu nilipaswa kukiandika mi," alisema Tajudini, fundi wa mabasi, miguu yake tu ikionekana chini ya gari. "Mutu anakuja na kelele ya nati. Namwambia, leta kesho, nikaze. Haleti. Juma la pili analeta injini juu ya mkokoteni. Ni vile tu nilikosa karatasi."

"Kisome hata hivyo. Ukurasa wa kumi na mbili una alama nyingi, we uruke. Hawatajua."

Amira, muuza vitambaa, aliuliza kitabu kinahusu nini.

"Machafuko," alisema Bi Fatouma.

Amira alitazama kulia na kushoto, kisha akashusha sauti. "Mama Assia, machafuko sisi tumeyasoma bila kitabu. Na mtihani tulifanya."

"Si hayo. Haya ni ya mawingu."

"Hata yale yalianza na mawingu," alisema Amira, akakunja kitambaa chake.

Mtu pekee aliyekataa kabisa kukigusa ni Mzee Huseni. Kila mkewe aliposoma kwa sauti ile sura ya kipepeo, isemayo kwamba bawa moja likipigwa upande huu wa dunia huenda likazaa dhoruba upande wa pili, Mzee Huseni alishikwa na kikohozi. Alipewa tangawizi. Kikohozi kiliisha sura ilipoisha.

Jumatano ile ile ya bomba, Lamya alipita nyumbani na habari. "Bibi, umesikia? Mama Hamoud anahama Jumamosi. Hamoud amemaliza nyumba Gihosha, anamchukua mama yake."

Bi Fatouma alifunga bomba.

Mama Hamoud, jina lake Houda, alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Kutoka mlango hadi mlango zilikuwa hatua kumi. Kwa miaka ishirini na mitatu hatua zile zilikanyagwa mpaka zikafanya njia, na kwa miaka kumi na mmoja iliyofuata njia ile iliota majani. Hawakusemezana. Hawakutukanana pia, maana walikuwa watu wa heshima. Houda alimsema kuku wake, Fatouma alilisema jiko lake la makaa, na kila mmoja alihakikisha sauti inapanda ukuta. "We kuku, una kiburi, na mayai huna," ilisikika upande ule. "We jiko, moshi mwingi, moto haba," ilijibiwa upande huu. Mtaa mzima ulijua kuku na jiko wamegombana.

Na kisa ni sahani.

Ilikuwa Ramadhani. Wakati wa futari, sahani za Jabe hutembea kama watu: inatoka hapa na sambusa, inarudi na vitumbua, inakwenda na uji, inarudi na ndizi. Lililo wazi kwa kila mtu ni kwamba sahani ya mwenzio hairudi tupu. Kama huna kitu, weka ndimu. Kama huna ndimu, weka chumvi ndani ya karatasi. Kurudisha sahani tupu ni kumwambia mtu: chakula chako tulikila kwa kuwa tulikuwa na njaa tu. Siku ile Fatouma alikuwa amepeleka sambusa kumi juu ya sahani yake nyeupe ya bati, yenye waridi moja jekundu katikati. Baada ya magharibi aliikuta juu ya meza ya jikoni. Haikuwa na kitu. Tena haikuwa tupu tu; ilikuwa imefutwa, imesuguliwa, waridi linang'aa kama kioo cha saa.

"Sahani imerudi kutoka kwa Houda?" alimuuliza mumewe.

"Imerudi."

"Na nini?"

"Kama unavyoiona," alisema Mzee Huseni.

Kuuliza zaidi hakungewezekana. Mtu haulizi kwa nini hakupewa. Afadhali alale na jiwe tumboni. Kesho yake Fatouma hakupeleka kitu. Keshokutwa Houda hakuitikia salamu. Idi ikapita bila mikono kushikana. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hawa walijenga kweli: Hamoud alileta matofali, ukuta ukaongezwa mistari minne. Fatouma aliitazama ikipanda, mstari kwa mstari, akisema moyoni, na iwe.

Lakini sasa Houda anaondoka Jumamosi. Gihosha si mbali kwa mwenye gari. Kwa mwanamke mwenye goti bovu na mlima mbele yake, Gihosha ni nchi nyingine. Usiku ule Bi Fatouma aligundua jambo lililomshangaza: katika miaka kumi na mmoja hakuna mtu aliyemsikiliza kwa makini kama yule wa upande wa pili wa ukuta. Houda akiondoka, jiko litaambiwa nini?

Asubuhi ya Alhamisi alikuwa na akili mpya. Kuomba radhi hakungewezekana, kwani mkosaji hakuwa yeye. Lakini kupendekeza kitabu si kuomba radhi. Houda atasoma sura ya kipepeo, ataelewa jinsi kitu kidogo kinavyoweza kuzaa dhoruba, ataikumbuka sahani yake tupu, na atakuja mwenyewe, kwa miguu yake, kusema neno moja. Moja lingetosha. Fatouma angejibu, "Yalishapita."

Aliishusha sahani ya waridi kutoka juu ya kabati, akaipangusa vumbi, akaweka kitabu juu yake, akakifunika kwa kitambaa kana kwamba ni mkate wa moto.

"Unapeleka wapi hicho?" aliuliza Mzee Huseni, kibano kikiwa hewani.

"Kwa Houda. Nampendekezea."

"Kwa Houda?" Kibano kikashuka taratibu. "Si... kitabu kigumu kile kwa mtu anayefunga mizigo?"

"Amemaliza darasa la sita. Tumesikia mara elfu."

Zile hatua kumi alizitembea kama mtu anayevuka mto Rusizi kwa mguu. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na maboksi, magodoro yaliyokunjwa, na kuku aliyefungwa kamba mguuni kwenye mguu wa kiti. Houda alikuwa mwanamke mrefu, mweupe kama babu zake wa Omani, akifunga vikombe kwa magazeti.

"Hodi," alisema Fatouma.

Houda alimtazama kuku. "We kuku. Kuna mutu mlangoni. Miaka kumi na mmoja hakuwa na miguu, leo imeota."

"Mi sikuja kwa ajili ya mambo," Fatouma aliiambia sahani. "Nimekuja kwa ajili ya kitabu."

"Kitabu gani?"

Hilo halikuwa la kuku. Wote wawili walilijua, wakaliacha lipite.

"Cha sayansi. Lamya kanipa. Kinasema kipepeo akipiga bawa huku, mahali pengine upepo unaweza kung'oa mabati."

"Nani alimwona huyo kipepeo?"

"Hakuna aliyemwona. Ndiyo maana wameandika kitabu."

Houda alitafakari hilo. "Na umekisoma chote?"

"Nimefika ukurasa wa tisini na tatu. Nilirudi nyuma mara nyingi."

"Sasa unakuja kunisomesha mi? Mi niliyemaliza la sita?"

"Sikusomeshi, Mama Hamoud. Nakupendekezea. Ni kizuri." Fatouma alitafuta maneno ya kukisifu, na ghafla yote aliyomwagia Tajudini na Amira na soko zima yalikuwa yamekauka. "Kinasema hata wakubwa hawawezi kujua mvua ya mwezi ujao. Wanapima, wanapima, lakini mwanzoni kabisa kunakuwa na kitu kidogo hawakukipima. Kidogo hivi. Halafu kinakua, kinakua, na wao wanashangaa. Sura ya tatu. Uanzie hapo."

Houda alipokea sahani. Alifunua kitambaa, akakiona kitabu, na chini ya kitabu akaona ukingo wa waridi.

"Sahani hii naijua," alisema.

"Sahani zinafanana."

"Apana. Hii naijua." Akaiweka juu ya boksi, polepole, kama kitu chenye moto. "Bon. Nitatazama."

Alasiri yote Bi Fatouma alikaa chini ya ukuta, akichambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa. Upande wa pili Houda alikuwa akimsomea kuku, kwa sauti ya juu, iliyonyooka, sauti ya mtu aliyemaliza la sita. Alisoma upesi kuliko Fatouma, hilo halikukanika. Mara kwa mara alisimama na kusema, "Uongo." Kisha baada ya mistari mitatu, "Mh." Fatouma alifuata kwa midomo, maana sura ile aliijua kama Yasini. Ilipofika pale kwenye bawa la kipepeo, sauti ilikatika. Kuku alilalamika mara moja.

Barazani, Mzee Huseni aliangusha parafujo ndogo ya saa ya wanawake, kitu ambacho hakikuwa kimemtokea tangu alipokuwa mwanagenzi. Alipiga magoti kuitafuta na alikaa huko chini muda mrefu kuliko parafujo inavyohitaji.

Houda hakuja. Si Alhamisi jioni, si Ijumaa asubuhi. Baada ya swala ya Ijumaa Mzee Huseni alirudi nyumbani, hakuvua kofia, akaketi kwenye mkeka mbele ya mkewe kama mtu aliyekuja kuposa.

"Mama Assia. Kile kitabu. Kinasema mutu akijua mwanzo, anajua kila kitu?"

"Kinasema hakuna anayeujua mwanzo sawasawa."

"Mi naujua," alisema Mzee Huseni.

Bi Fatouma, aliyekuwa akichambua mchele tena, aliacha.

"Siku ile ya sahani. Nilikuwa natoka mtaani, napita kwa Houda, akanipa mlangoni. 'Mpe mke wako.' Kulikuwa na tende. Zile za kwao, za Maskati, nene, nyeusi. Basi nikiwa njiani, adhana ikanikuta."

"Njiani wapi? Ni hatua kumi, Baba Assia."

"Ilinikuta hatua ya nne. Na sunna ni kuharakisha kufungua, na kufungua kwa tende. Nikala moja. Halafu sunna ni witiri, isiwe shufwa, nikafikisha tatu. Ya nne ikaniharibia hesabu, ikabidi tano. Hivyo hivyo mpaka saba." Alimeza mate, na kwa hakika kitu cha utamu bado kilipita usoni mwake. "Halafu sahani ikabaki na ule utomvu. Nikaona aibu kukuletea chafu. Nikaifuta kwa kitambaa changu cha vioo."

Bi Fatouma aliikumbuka ile sahani. Waridi linang'aa kama kioo cha saa. Miaka kumi na mmoja alikuwa akilala ubavuni mwa dhoruba, akiipikia chai.

"Nilikuuliza," alisema.

"Nami sikusema uongo. Nilisema, kama unavyoiona."

"Miaka kumi na mmoja."

"Mwaka wa kwanza niliogopa. Wa pili nilidhani mmekwisha kusahau. Wa tatu ukuta ukapanda, nikaona jambo limekuwa kubwa kuliko tende. Mutu atasemaje, mbele ya ukuta mzima, kwamba ni tende?"

Alingoja alaaniwe. Lakini Bi Fatouma alikuwa mbali. Alikuwa upande wa pili wa ukuta, ndani ya Ramadhani ile, katika jiko la mwanamke aliyetoa tende za kwao, zilizovuka bahari, na kesho yake akanyimwa hata shukrani. Kumbe mengi aliyosemwa kuku yule, yeye Fatouma aliyastahili. Na yeye amempelekea mtu huyo kitabu ili akajifunze kosa lake. Na ukurasa akamtajia.

Uso ulimwaka moto. Kisha kitu kikapanda kutoka tumboni, mahali lile jiwe lilipokuwa limekaa, na alipodhani kinakuja kilio, kikaja kicheko. Alicheka mpaka mchele ukamwagika. Mzee Huseni, asiyejua kama amesamehewa au amepatwa na mke mgonjwa, alianza kuokota punje moja moja kwa kibano.

Jumamosi asubuhi gari la mizigo lilikuwa limeegeshwa nje, limejaa mpaka juu, Hamoud akikaza kamba. Mzee Huseni alijitolea kumsaidia, kwa bidii isiyo ya kawaida, upande wa gari ulio mbali na wanawake. Houda alikuwa ameketi mbele karibu na dereva, kuku mapajani. Chini ya kuku palikuwa na kitabu, na chini ya kitabu, sahani.

Bi Fatouma alisimama kwenye dirisha la gari. Usiku kucha alikuwa ametayarisha maneno, mazuri, yenye mpangilio, na sasa yalimtoka kama matone ya bomba lake.

"Mama Hamoud. Zile tende. Hazikunifika. Alizila huyu, njiani. Mi sikujua. Niliiona sahani tu. Mi nilidhani, nawe ukadhani." Akavuta pumzi. "Zilikuwa saba, na mi sikukushukuru."

Houda alimtazama kwa macho yale yaliyokaza miaka kumi na mmoja. Kisha akatazama juu ya bega la Fatouma, kuelekea nyuma ya gari, ambako mtu mzima alikuwa amejificha kwa kisingizio cha kamba.

"Nane," alisema.

"Nini?"

"Zilikuwa nane. Nilizihesabu kwa mkono wangu. Kwenu mlikuwa wanne, mbili kwa kila mutu."

Wanawake wawili walitazamana. Midomo ya Houda ilitetemeka upande mmoja, akaiuma.

"Lete sahani basi," alisema Fatouma, kwa kuwa ilibidi aseme kitu. "Gari linaondoka."

"Sikupi. Hairudi tupu, na vitu vyangu vyote vimefungwa." Houda alimsogeza kuku, akagonga jalada la buluu kwa ukucha. "Na hiki sijamaliza. Niko ukurasa wa mia na kumi. Kuna mahali wameandika uongo mtupu kuhusu mawingu, tutaongea. Ukifika Gihosha uliza nyumba ya geti la kijani. Goti likikusumbua, pumzika kwenye kona, kuna benchi."

"Ukurasa wa mia na kumi," alisema Fatouma. "Umenipita."

"Mi nilimaliza la sita."

Gari likaondoka, likitikisa vikombe vyote ndani ya magazeti yao, likakata kona. Kuku alitoa kichwa dirishani na kuutazama mtaa mara ya mwisho.

Bi Fatouma aligeuka. Mumewe alikuwa amebaki katikati ya njia, mikono mitupu, kamba imekwenda na gari. Alimkaribia hatua kwa hatua, bila haraka, kwa subira ile ile aliyoitumia kwa ukurasa mkaidi.

"Nane, Baba Assia?"

Mzee Huseni alivua kofia yake, akaigeuza mikononi, akaitazama kwa ndani kana kwamba jibu limeshonwa humo.

"Ile ya nane," alisema, "ilikuwa ndogo sana."